Barua kwa mwanangu: jiko lisivuke kizingiti

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku wazima, baba yako anakohoa kidogo tu. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unasema "sawa mama" kabla sijafika nusu ya neno. Karatasi utairudia. Herufi ni kubwa kwa ajili ya jicho, usinicheke, na ndiyo maana kurasa zimekuwa nyingi. Anakuletea mtoto wa mama Zawadi, anapanda basi la kesho.

Neno la kwanza, kabla ya ng'ombe na mahindi. Ukifika kunishikia nyumba wakati mimi niko Mbeya natibiwa jicho, jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha nyumba ya kulala. Si la kupashia chumba moto, si la kuchemshia uji wa mtoto, si kwa dakika tano. Juzi redioni wametangaza tena: baba, mama na watoto, asubuhi majirani wamevunja mlango. Kila Juni na Julai habari hizo hurudi, na kila mwaka watu wanasema ni uchawi.

Wewe umezoea joto la Mbagala. Huku usiku wa msimu huu nyuzi zinashuka chini ya 10, na wenzetu wa Makete wanaamka na sakitu kwenye majani. Utaona baridi, mtoto atalia, na mtu mwenye huruma atakuletea jiko. Ndiyo hofu yangu, yule mwenye huruma.

Sasa sikiliza linavyoua. Hewa yenyewe inaitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Mkaa unaitoa hata ukiwa mwekundu na moshi umekwisha, pale pale baba yako anaposema "limeiva, liingizeni." Moshi ule wa mwanzo afadhali, unakukohoza unatoka nje. Huu mwekundu unakubembeleza. Hewa hiyo ikiingia kwenye damu inakamata mahali pa oksijeni na haiachii upesi, kwa hiyo unavuta pumzi kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Na chumba kikifungwa oksijeni inapungua, mkaa nao unaungua vibaya zaidi na kutoa sumu nyingi zaidi. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo anaanza yeye.

Dalili zinafanana na malaria au mafua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa kama si yako. Tofauti yake ni kwamba wanaumwa wote waliomo chumbani kwa wakati mmoja, na ukitoka nje unapata nafuu. Ukiona hivyo usianze kutafuta panado. Fungua mlango, toa mtoto, toa wengine, halafu ndipo utoe jiko. Aliyelegea apelekwe hospitali awekewe oksijeni. Maziwa hayasaidii kitu, ingawa watakimbilia kumnywesha, na aliyezimia akinyweshwa yanaingia kwenye mapafu.

Beseni la maji pembeni ya jiko nalo halisaidii. Watakuambia maji yanavuta sumu. Hayavuti. Dirisha kufunguliwa kidogo halitoshi. Na usidhani mbona zamani watu walilala na moto ndani. Nyumba ile ilikuwa ya tope, chini ya paa pana mianya ya kupitisha mkono. Hii kaka yako ametia vioo, dari, na mpira chini ya mlango. Ametufanyia vizuri, lakini kinachoingia humu hakitoki.

Safari. Ukikata tiketi Mbezi, chukua basi la alfajiri, usikubali la jioni. Pale Kitonga lori likikwama mnaweza kukaa saa nyingi, na usiku na mtoto ni mateso. Nguo za baridi za mtoto usiziweke kwenye begi la chini ya basi kama ulivyofanya mara ile. Ziwe kwenye mfuko wa mkononi. Ilula bado kuna jua, lakini kuanzia Mafinga utazihitaji. Mvalishe nyepesi nyingi, si moja nene: fulana ya pamba, sweta, suruali ya sufu na kofia, kwa kuwa joto la mtoto hupotelea sana kichwani. Ukimgusa mgongo chini ya nguo ukute jasho, punguza moja. Jasho likipoa ndilo linalomletea baridi.

Kitandani, maji ya moto kwenye chupa ya mpira au ya plastiki ngumu, funga kizibo, zungushia kanga mara mbili, weka katikati ya blanketi dakika kumi na tano, kisha uitoe ndipo umlaze mtoto. Isikae naye. Tofali lililopashwa pembeni ya mafiga na kufungwa gunia linafaa kwa miguu yenu wakubwa. Mafiga yako jiko la nje, chemshia huko kila kitu, hata usiku wa manane. Tochi iko juu ya mlango.

Ng'ombe. Najua hukumkamua tangu uolewe, na kabla ya hapo niliwaachia kaka zako nikisema wewe una masomo. Leo kaka zako wanajua kukamua na hawapo. Basi fuata hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa safi, kisha kikaushe kabisa, maana maji machafu yakichuruzika yanaingia kwenye maziwa. Matone mawili matatu ya kwanza ya kila chuchu yakamulie kwenye kikombe cheusi uangalie. Ukiona mabonge au majimaji, au chuchu ina joto na ng'ombe anarusha teke, ni ugonjwa wa kiwele. Maziwa hayo usiyachanganye, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Akichomwa sindano, muulize siku ngapi maziwa yasiuzwe, na uzihesabu kweli. Usivute chuchu. Bana juu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha funga vidole vingine kwenda chini. Wanaovuta ndio wanaomjeruhi.

Ana mimba, atazaa mwishoni mwa Septemba. Kwa hiyo mwisho wa Julai aache kukamuliwa, siku sitini kamili kiwele kipumzike. Baba yako ataona anatoa bado lita sita kwa siku na kusema tuendelee kidogo. Asiendelee. Ng'ombe asiyekaushwa anazaa ndama mnyonge na maziwa ya baadaye yanapungua. Wiki moja kabla, punguza pumba na mashudu mpaka uyaondoe, mpe majani makavu na maji. Siku ya mwisho mkamue mpaka tone la mwisho, bwana mifugo aweke dawa ya kukaushia kwenye kila chuchu, basi usimguse tena. Kiwele kitajaa siku mbili tatu, utamwonea huruma. Mwache, kitanywea chenyewe.

Majani mwezi wa saba ni shida. Yale ya gwatemala yaliyo kando ya mfereji yakatwe kwa mistari, usikate yote kwa siku moja. Mabua ya mahindi yakatwekatwe urefu wa kidole na kunyunyiziwa maji ya chumvi, vinginevyo anachagua majani na kuacha shina. Na umpapase nyuma ya masikio kila Jumamosi. Ukikuta tezi imevimba na hataki kula, hiyo yaweza kuwa ndigana kali, usisubiri asubuhi.

Mahindi bado yamesimama shambani yakikauka. Yavunjwe wiki ya mwisho ya Juni. Vibarua watataka kuyapiga ndani ya magunia kwa fimbo ili yamalizike haraka. Kataa, punje iliyopasuka ndiyo mlango wa fukusi. Kodi mashine ya kupukuchulia, ikipita kijijini ukae foleni. Yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo, na jioni yafunikwe kabla umande haujashuka.

Kujua kama yamekauka usiyatafune kama baba yako, meno yake yenyewe hayaaminiki. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kizibo, jaza mahindi theluthi moja, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, uiache robo saa. Chumvi ikigandia kwenye ukuta wa chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15, yarudi juani. Isipoganda, ongeza siku moja au mbili za jua, kwa sababu mifuko ile isiyopitisha hewa inataka asilimia 13 hivi. Mahindi mabichi ukiyafungia humo yanaota ukungu, na ukungu huo ni sumu ya ini, huwezi kuuosha.

Mifuko iko kumi na miwili juu ya dari ya stoo. Kila mmoja una nailoni mbili za ndani na gunia la nje. Kabla ya kujaza, puliza hewa kwenye kila nailoni uisikilize; yenye tundu weka kando. Jaza nailoni ya ndani, tikisa yashuke, acha shingo ya kutosha kufunga, kamua hewa kwa mikono, sokota shingo, ikunje, funga kwa mpira wa baiskeli. Kisha nailoni ya pili vivyo hivyo, halafu gunia. Wadudu waliomo wanakosa hewa na kufa, huhitaji dawa ya unga. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha kupita mtu, ili uone panya akianza. Usifungue kabla ya miezi miwili. Ya kula sasa yabaki kwenye magunia mawili ya kawaida.

Magunia saba ni ya ndani, hayo usiyaguse, ni chakula chetu na wanaotugongea. Mawili shule, chakula cha mchana cha watoto. Baba yako atakuambia hatuna mtoto pale. Tulikuwa nao watano. Moja msiba. Yanayobaki yanaweza kuuzwa, lakini si Julai wakati kila mtu anauza. Subiri Desemba au Januari. Na akija mnunuzi anataka lumbesa, mwambie hapa tunapima kwa kilo. Mzani uko ofisi ya kijiji, hauna gharama kubwa kuliko kilo ishirini anazokuchukulia juu ya kila gunia.

Nimeandika "wanaotugongea". Hilo sikuwahi kukuambia vizuri. Utagongewa. Mwenye mtoto mwenye homa anataka nauli, mwenye ugomvi na mume, anayetaka sufuria, anayetaka mbegu. Miaka hamsini na kitu katika nyumba hii imewafanya wazoee mlango huu, na hawatajua kama mimi niko Mbeya na kitambaa jichoni. Huna haja ya kuwa mimi. Wa homa mpeleke zahanati hata usiku, pikipiki ya kijana wa jirani nimelipia safari tatu. Wa ugomvi mkaribishe chai, mpe pa kulala, usimshauri kitu usiku. Asubuhi apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wa mbegu asubiri nirudi, kwa sababu mbegu za maharage ziko aina tatu na utachanganya Uyole Njano na ile ya madoa.

Vyombo vya kinamama viko stoo ya pili. Sufuria kubwa nne, miko mitatu, ndoo za mfuniko sita, sahani zilikuwa 200 sasa ni 187. Vikitoka, hesabu mbele ya anayechukua na umwandike, vikirudi hesabu mbele yake. Vijiko ndivyo hupotea. Sufuria isirudi na ukoko, mwenye shughuli aisugue kwanza.

Msiba ukitokea nami sipo, watakufuata wewe, maana kipimo nilikuwa nacho kichwani. Andika ubandike ukutani. Kwa watu 200: unga kilo 45, maharage debe moja, kabichi 22, mafuta lita 5, vitunguu kilo 5, chumvi pakiti mbili za nusu kilo, uonje kabla ya kuongeza. Wakileta mchele badala ya unga, kilo 25. Chai ya asubuhi sukari kilo 6 na majani nusu kilo. Watu wakiongezeka usiongeze maji kwenye maharage, ongeza kabichi. Maharage yalowekwe tangu jioni, maji ya kulowekea yamwagwe, na yabandikwe saa kumi alfajiri kama chakula ni saa saba. Wewe wa pwani utasema saa mbili zinatosha. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100 kama Dar, ndiyo maana maharage yetu yana kiburi. Yachemke kwa nguvu nusu saa ya kwanza, mabichi yanaumiza tumbo. Magadi usitie. Na kuni za mlingoti peke yake zinawaka haraka na kuisha, changanya na za mwati.

Mafiga yote ya msibani yawe nje.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Wafiwa hulala chumba kimoja, wanawake kumi na zaidi na watoto wao, magodoro chini, mlango umefungwa kwa baridi. Na kuna desturi ya kuwaingizia jiko la mkaa, ndiyo heshima yenyewe. Wasipowekewa wanaona hawakupokewa. Wewe ukiwa na mtoto watakusogeza karibu na jiko kabisa, mahali pa heshima. Usikae. Wakikusema kwamba binti wa fulani amekuja na maringo ya mjini, wakuseme. Sema waziwazi mbele yao kwa nini jiko litoke, na kama hawalitoi, beba mtoto urudi nyumbani hata iwe saa nane ya usiku. Desturi hiyo si ya mababu kama watakavyodai. Kabla ya nyumba za vioo haikuhitajika. Imeletwa na kamati ya kinamama, na mwenyekiti wa kamati hiyo kwa miaka kumi na tisa unamjua, umekula ugali wake. Sijui ni vichwa vingapi viliuma asubuhi tukasema ni kilio.

Mkutano wa kijiji wa Aprili nilisimama nikasema. Wengine walikubali, wengine walisema mzee anaogopa uzee. Sasa wanakutazama wewe utafanya nini.

Na la kuzima jiko. Wengi hapa hufukia makaa kwa majivu usiku ili asubuhi wasiwashe upya. Makaa yaliyofukiwa hayajafa, yanaungua polepole na kutoa hewa ile ile usiku kucha. Jiko la majivu likiingizwa korido "ili lisiloe" ni sawa na kuliingiza linawaka. Limwagiwe maji, au libaki nje liloe.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Alhamisi saa tisa, nyumbani kwa mama Zawadi. Wanachama 28, hisa ni shilingi 5,000, mtu ananunua moja hadi tano, mfuko wa jamii 1,000. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zake na lazima wadhamini wawe wamelipa yao. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu na sanduku kwa mtu wa nne. Ufunguo mmoja ulikuwa kwangu. Sikuachii wewe. Nimeukabidhi mkutanoni, ukaandikwa, kwa hiyo mtu akija kusema "mama yako aliniambia unipe ufunguo", huyo mtu andika jina lake uniambie.

Ila nakuomba ukae nao wiki mbili kwenye hesabu, kwa sababu kati ya watoto wangu wote wewe ndiye unayeweza kutunza daftari. Duka lako ulilifungua na mashine moja ya kushonea, sasa ni nne, na sijasikia unadaiwa. Kaka zako nikiwauliza hesabu wananitumia picha. Hilo sijakuambia mdomoni, basi lisome hapa.

Kurasa za Machi na Aprili za daftari kubwa haziko sawa. Jumla ya kufunga iliyotangazwa kikaoni na jumla ya kitabuni zinapishana. Fanya hivi, mkutanoni, mbele yao, daftari lisiondoke mezani: chukua vitabu vidogo vya wanachama, hesabu mihuri ya hisa ya kila mmoja, linganisha na daftari kubwa. Hisa zikikubali, kosa liko kwenye marejesho ya mikopo. Tofauti ikiwa 50,000 kamili, au 100,000, tafuta mahali palipoandikwa 30,000 panapotakiwa 80,000. Tarakimu 3 na 8 za miezi hiyo usiziamini. Aliyekuwa anaandika alikuwa haoni vizuri na hakutaka kusema, kwa sababu angesema angeambiwa apumzike. Wasianze kumtuhumu mweka hazina, yule binti hana kosa. Anza kwa kusema hivyo, kabla hata hujafungua kitabu.

Jicho lenyewe si jambo la kuogopwa. Ni mtoto wa jicho. Wanatia ganzi, wanatoa ile lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine, haichukui hata saa moja. Kinachonichelewesha ni baada ya hapo: matone kila siku kwa wiki kadhaa, nisiiname, nisinyanyue kitu kizito, nisikae kwenye moshi wala vumbi. Nikirudi mapema nitainama, unanijua. Kwa hiyo wiki sita nakaa kwa kaka yako Uyole, akubali asikubali mkewe.

Baba yako. Dawa ya presha ni moja kila asubuhi, iko kwenye kopo la kahawa, si ile ya kopo la chai, ya kopo la chai ni ya ng'ombe. Yeye hupenda chumvi ya ziada, mnyime. Anakojoa usiku mara tatu, taa ya korido iachwe. Baridi inamsumbua magoti na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kutafuta jiko, nakuambia. Atasema amelala na moto miaka themanini na hajafa. Usibishane naye, hutamshinda. Mpelekee tofali la moto miguuni saa tatu usiku kabla hajaomba, na blanketi la kijivu, lile zito, si hili la maua. Akilala saa tatu na nusu mpaka saa tisa hatajua kama kuna baridi. Ikibidi mlalie chumba kimoja wote, lala na mtoto wako na yeye, na mlango wa kati uwe wazi. Watu watatu chumbani wanatosha kupasha hewa.

Kuku tisa, jogoo mkali, mtoto asimkaribie. Mbegu za viazi aina ya Kikondo ziko kwenye chanja kivulini, zimeanza kuchipua. Zisipigwe na jua wala zisifunikwe. Chipukizi fupi nene ya kijani ndiyo nzuri, ndefu nyeupe imekosa mwanga. Inayotoa maji na harufu tupa mbali, si kwenye samadi, usilete mnyauko shambani. Namba yetu ya mbolea ya ruzuku iko kwenye jalada la bluu pamoja na hati, wakija kuhakiki wakulima baba yako aende mwenyewe na kitambulisho, asitume mtu. Bomba likikatika maji siku mbili, si ukame, ni chujio la chanzo limeziba majani. Mwambie katibu wa chombo cha maji, na siku ya kusafisha tanki nyumba yetu inatoa mtu mmoja au 3,000. Toa mtu. Toa kijana wa ng'ombe.

Ukishuka njia panda muulize yeyote, mtoto wa mama Zawadi atakuwa amerudi kukupokea. Ufunguo wa jiko la nje uko chini ya chungu kilichopasuka. Msalimie mume wangu mdogo, mwambie nimemfumia soksi jozi mbili, kama moja ni kubwa kuliko nyingine ajue ni jicho.

Jiko la mkaa hulioni kwa sababu nimelipeleka kwa mama Zawadi mpaka Agosti, na mkaa wote nimempa fundi wa chuma. Baba yako akiuliza, hujui. Atanuna siku mbili halafu atakwenda mnadani Jumatano kununua jingine, majiko ya udongo hayana bei. Jumatano hiyo mfiche viatu.

Mama yako.